Insha Iliyomtoa Darlene Jikoni

Darlene Hruska alikuwa anakanda unga nyumbani kwake, katika mji mdogo wa Dravec, Nebraska, msichana alipobisha mlango wa jikoni. Alikuwa Maribel Ocampo, mwanafunzi wa sekondari, binti wa fundi mmoja wa kiwanda cha nyama.

"Hodi, bibi."

"Karibu. Usisogee sana, nitalipaka unga hilo koti lako."

Maribel alieleza shida yake. Ukumbi wa askari wastaafu ulikuwa umetangaza shindano la insha: kila mwanafunzi achague askari mmoja wa mji, aandike jinsi alivyoyatetea maneno ya Azimio la Uhuru wa Marekani, kwamba watu wote wameumbwa sawa.

"Wenzangu wamewamaliza wazee wote," alisema. "Nikaambiwa marehemu mume wako alipigana Vietnam."

Darlene alicheka mpaka akashika meza. "Lumir? Jeshi lilimkataa kwa nyayo zake bapa! Vita vyake vilikuwa na panya wa ghalani. Aliyekwenda Vietnam ni mimi, mwanangu."

"Wewe?"

"Mimi. Nesi, tena luteni."

"Mbona hakuna anayejua?"

"Hakuna aliyeuliza," alijibu, akaendelea kukanda. Kisha mikono ikasimama. Hakupenda kumdanganya mtoto wa watu.

Ukweli ni kwamba aliporudi kutoka vitani, akiwa bado kijana, alikwenda ukumbini kujiandikisha uanachama. Mwenyekiti wa wakati huo alimtabasamulia vizuri tu, akamwambia wake za askari hukutana jikoni. Darlene alikuwa amechoka, masikio bado yamejaa ngurumo za helikopta. Akaenda jikoni. Alijiambia atakuja kusema siku moja, lakini nywele zikawa nyeupe hajasema, na mji mzima ukamjua kwa kolache zake, vile vimkate vitamu vya jamu ya plamu.

Siku hiyo alimsimulia Maribel yote. Alimsimulia hata habari za askari mmoja kijana wa Ohio, aliyepoteza macho, aliyekuwa akimuuliza kila asubuhi kama theluji imeanguka kwao. "Nilimwambia imefika magotini," alisema. "Alifurahi sana."

Jioni ya shindano Darlene alikaa katika jiko la ukumbi, mlango nusu wazi. Maribel alipanda jukwaani akasoma kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni, kisha ikaimarika. Alisoma kwamba waliotuandikia maneno yale walituachia kazi nusu, na kila kizazi hulazimika kuimalizia. Halafu akamtaja luteni aliyeonyeshwa mlango wa jikoni.

Mwenyekiti wa sasa, Duane Piskac, mtoto wa yule mwenyekiti wa zamani, aliinuka na kwenda mpaka jikoni.

"Mama Darlene, mbona hukutuambia?"

"Nilimwambia baba yako."

Duane akawa mwekundu mpaka masikioni. Akavua kofia yake ya wastaafu. "Basi naomba radhi kwa niaba yake, na kwa niaba yangu pia. Njoo ukae mbele."

"Na kolache zikiungua?"

"Nitazitoa mimi."

"Wewe? Hata chai huwezi kuchemsha!"

Watu waliangua kicheko, na katika kicheko hicho Darlene akavua aproni. Alipopita katikati ya viti, wazee walisimama mmoja mmoja, wengine kwa fimbo. Hakulia mpaka alipokaa.

Maribel alipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa mvulana aliyeandika juu ya babu yake. Maribel alinuna njia nzima kurudi nyumbani.

Lakini wiki iliyofuata, dereva wa basi la shule, Tamsin Buell, alisimama mlangoni pa ukumbi, hajui aingie au arudi. Alikuwa ameendesha malori ya jeshi Iraq, na hajawahi kumwambia mtu. Darlene, aliyekuwa mezani na kalamu na daftari la wanachama, alimvutia kiti.

"Kaa, dada," alisema. "Jina lako linaandikwaje?"