Baba Hakujua Kuendesha

Juzi nilipomkuta mwanangu akicheza kwenye simu gemu ya magari iliyotokana na tamthilia moja ya zamani ya runinga, nilisikia tena harufu ya dizeli iliyokuwa kwenye shati la baba. Baba alikuwa dereva wa lori. Alasiri moja nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu mtaa wa Chemchem, tulicheza gemu hiyohiyo kwenye runinga, na kila mara alilitumbukiza gari lake mtaroni.

"Tuanze upya, mama," aliniambia mimi bintiye, huku nje utingo wake akipiga honi waondoke kwenda Kigoma.

Nikaona aibu. Dereva gani huyu?

Juzi, nilipocheza na mwanangu, nami nilitumbukia mtaroni mara tano. Akacheka: "Mama, hujui kuendesha!"

Nikamwomba tuanze upya. Begi lake la kurudi shule ya bweni lilikuwa tayari mlangoni.