Nilisema Inabaki

Nilipoanza kufundisha watu kutengeneza programu za kompyuta, mimi mwenyewe nilikuwa nimesomea kazi hiyo miezi mitatu tu, Mwanza. Sikumwambia mtu. Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba, na ushirika nilikokuwa mpiga taipu ulikuwa hauna hata utepe wa mashine.

Tajiri mmoja wa Musoma akafungua vituo vya kununulia pamba Bunda, Kisorya na Butiama. Alikuwa na programu ya uhasibu kutoka nje. Ilikuwa nzuri, ila haikuijua pamba. Haikujua kwamba mkulima mmoja analeta mizigo mara tano kwa msimu, wala kwamba pamba safi na pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, hazipimwi pamoja. Akataka makarani wake wajue kutengeneza programu ndogo ya kushika habari za mizani, kisha waiunganishe na ile kubwa. Akaniajiri niwafundishe, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mabati, barabara ya Mukendo, Musoma mjini.

Walikuwa vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, na mzee mmoja wa Bunda, Mwislamu mwenye kofia safi kila siku, aliyeshika kazi ya ukarani tangu ujana wake. Alfajiri nilisoma kurasa chache za kitabu cha Kiingereza, saa tatu nazifundisha.  Nilijua siku moja wataniuliza jambo la sura ambayo sijaifikia.

Aliyeuliza ni mzee. "Mwalimu, nikimfuta mkulima humu, mizigo yake inakwenda wapi?"

Sikujua. Vijana walikuwa wananitazama.

"Inabaki," nikasema. Akaandika kwenye daftari.

Wiki mbili baadaye, mchana wa Alhamisi, alinifuata uso umembadilika. Wakulima wengi wa Butiama walikuwa wameandikwa mara mbili, mara kwa jina la ubatizo, mara kwa jina la nyumbani. Yeye alikuwa amewasafisha kwa kufuta jina la pili, kila mtu abaki na moja. Sasa kilo za Butiama zilikuwa zimepungua karibu nusu.

Nikafungua jedwali la mizigo. Kila aliyefutwa alikuwa ameondoka na mizigo yake. Nikakumbuka kisanduku kidogo nilichokitia alama siku tulipounganisha majedwali. Sikujua kwamba kinaiamuru mashine ifute mizigo pamoja na mkulima wake. Nilikitia alama kwa sababu picha ya kitabuni ilionyesha hivyo.

"Disketi," nikasema. "Lete nakala ya jana."

Mzee alikuwa amenakili saa nane mchana ule, juu ya disketi ile ile ya jana, kama nilivyomfundisha. Nayo ilikuwa na pengo lile lile.

Tajiri alipanda ngazi kabla hatujajua la kufanya. "Nani amefuta?"

"Mimi, tajiri," mzee akasema.

"Mzee wangu, mashine hizi si za umri wako. Nendeni Butiama mkatafute stakabadhi za wakulima. Jumatatu tutaongea."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Kaka yangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani mwaka ule, na mama yetu pamoja na watoto wa kaka wote walikuwa wanakula kwangu. Nikauliza tu tutaondoka na gari lipi. 

Kesho yake tukaondoka na pikapu ya kampuni. Njiani gurudumu likapata pancha, dereva akashuka kulibadilisha. Tukabaki wawili kando ya barabara.

"Mzee," nikasema, "kosa si lako. Siku ile uliponiuliza, nilikuwa sijui."

 Alitoa daftari mfukoni, akapekua, akanionyesha mstari wa mwandiko wake mzuri: ukimfuta mkulima, mizigo inabaki.

"Kwa nini hukumwonyesha tajiri?"

"Nilidhani niliandika vibaya," akasema. "Nimekesha najiuliza kama akili yangu imeanza kuondoka."

Kama angenitukana ningepumua. Hofu niliyokuwa nayo ya kufukuzwa kazi iligeuka kitu kingine, kizito zaidi, na sikuweza kumtazama.

Butiama watu hawakutaka kutupa karatasi zao. Mama mmoja alizitoa kwenye kopo la majani ya chai, akazibana kifuani. "Ushirika walikuwaga wanachukua hivi hivi," akasema. "Hatukuziona tena."

"Hatuchukui, mama," mzee akamwambia. "Zishike wewe mwenyewe. Sisi tutasoma tu."

Ndivyo tulivyofanya kwa siku mbili, nyumba hadi nyumba: mkulima ameshika karatasi, mzee anasoma, mimi naandika. Mtu mmoja aliniuliza kwa nini kampuni yenye kompyuta inahitaji karatasi zake. Nikainamia daftari.

Jumatatu nilimtangulia mzee kwa tajiri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo unajua au hujui?" akauliza.

"Najua kiasi."

"Kitabu kina sura ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Umefika wapi?"

"Ya kumi na moja."

 Upande huu wa ziwa tajiri hakuwa na mwalimu mwingine wa kumleta, na sote wawili tulilijua hilo. Mwisho akaniambia niendelee, lakini ufunguo wa chumba chenye mashine ya kazi akae nao mzee, na nisiiguse bila yeye kuwapo.

Niliendelea mpaka tukamaliza kitabu. Vijana hawakuniamini tena moja kwa moja. Nikisema jambo, mmoja wao anauliza, "Umeshajaribu, mwalimu?" Mzee ndiye aliyemaliza programu ya mizani, ikatumika misimu kadhaa.

Mizigo minne hatukuipata. Wenyewe walikuwa wamehama, na majirani hawakujua walikoelekea. Niliwahi kukutana sokoni na mwanamke aliyesema kwao ni Butiama, na ndugu zake walikuwa wakulima wa pamba kabla hawajahama. Nililipia dagaa wangu haraka nikaondoka kabla hajaniuliza nilikuwaga nafanya kazi wapi.