Mbuga Imejaa Nini?

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na Mungu anisamehe, maana marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema. Siku hiyo nilisimama kwenye tope lililofika karibu na magoti, ndani ya Serengeti, mwezi wa nne, nimevaa viatu vya kisigino. Nakuhadithia, mwanangu, kwa sababu jana mjukuu wangu kanionyesha tangazo lako kwenye simu. Umefungua ofisi ya kupeleka watu mbugani, pale Mkuyuni. Hongera sana, tena nimefurahi. Lakini umeandika, "Nyumbu wapo muda wote, karibuni." Muda wote! Nani kakwambia?

Usinune. Sikusemi ili nikuaibishe. Mimi nilifanya kubwa kuliko hilo, na sikuwa na simu ya kusingizia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ni mtoto wa Igogo, nimekulia kwenye mawe na harufu ya dagaa, na marehemu baba alikuwa fundi cherehani. Shamba sikulijua, jembe nililiona kwa watu. Ila nilijua kupiga taipu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kusimama mbele ya darasa, basi nikapata kazi kwenye ofisi ndogo ya safari mjini, ya magari mawili. Kazi yangu kupokea wateja na kupanga nani anakwenda lini. Nilijiona, mwanangu! Nilikuwa nikipita na funguo za ofisi mkononi, nazichezesha ili zilie.

Dereva wetu mkubwa alikuwa Mzee Mabula, Msukuma wa Magu. Serengeti aliijua kama anavyolijua zizi la baba yake. Lakini gari aliliita "gali", na barabara ikawa "balabala", na mimi mtoto wa mjini nilikuwa namwigiza akigeuka, wenzangu wanacheka mpaka machozi. Shikamoo nilimpa kila asubuhi, hiyo sikukosa. Naye aliitikia marahaba vizuri tu, na nadhani alijua.

Mwezi wa tatu ukielekea mwisho akaja ofisini mama mmoja wa Kihaya kutoka Buswelu, Mwalimu Kokugonza. Alikuwa amestaafu. Miaka thelathini alifundisha jiografia, miaka thelathini akichora ubaoni ile njia wanayopita nyumbu wakizunguka kufuata mvua na majani, na yeye mwenyewe hajawahi kumwona nyumbu hata mmoja. Sasa alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikwishazima. La kushoto, daktari alimwambia, linafunga taratibu kuanzia pembeni kuja katikati, na hakuna anayejua lini litamaliza.

"Binti," akaniambia, "nataka niwaone mara moja tu kabla giza halijaingia. Niende sasa, mwezi wa nne, au nisubiri mwezi wa sita? Nikisubiri naogopa jicho. Nikienda sasa naogopa nisiwakute. Niambie wewe unayejua."

Sikujua. Ningesema sijui, mdomo ungeoza? Nikamwambia asubiri kidogo, nikatoka nje ambako Mzee Mabula alikuwa anaosha gari. Nikauliza nikiwa nimesimama mlangoni, hata karibu yake sikufika, "Mzee, mwezi wa nne mbuga ikoje?"

Akanyanyua kichwa. "Mwezi wa nne? Aa, binti, mbuga imejaa. Imejaa kweli kweli."

Nikarudi ndani natabasamu. "Mwalimu, nenda mwezi wa nne. Mbuga imejaa!"

Yule mama alinishika mikono yote miwili. Akasema Mungu anibariki, na akaniita mjukuu wake. Siku ikapangwa, wiki moja baada ya Pasaka, na kwa kuwa hakuona vizuri, bosi akasema nimsindikize. Mzee Mabula akachukua likizo, akaenda kwao kuvuna.

Alirudi asubuhi ile ile ya safari. Mwalimu alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amejifunga kitenge kipya, kapu la ndizi zilizopikwa kwenye majani liko miguuni, anakifuta kioo cha dirisha kwa leso yake. Mzee Mabula akanivuta pembeni.

"Binti, tunakwenda wapi?"

"Tunapitia lango la Ndabaka, Mzee. Tunakwenda kuona nyumbu."

"Si nilikwambia mbuga imejaa?"

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo maana tunakwenda."

Akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Imejaa maji, binti. Kwetu Usukumani mbuga ni ule udongo mweusi, udongo wa kulimia mpunga. Mvua ikinyesha unajaa maji, gali likiingia halitoki. Nyumbu wako kusini huko, mbali. Huku kwetu wanafika mwezi wa sita."

Neno moja tu, mwanangu. Kwangu mbuga ni wanyama. Kwake mbuga ni udongo. Ningeuliza "imejaa nini?" tu, maneno mawili, na yule mama angebaki kwake Buswelu anasubiri mwezi wake. Lakini ningemuulizaje mtu ambaye Kiswahili chake nimekifanya kichekesho?

Na hapo, hapo hasa, ndipo nilipokosa mara ya pili, na hili la pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga. Bado tulikuwa kwenye ua wa ofisi. Ningeweza kwenda dirishani, nikasema, "Mwalimu, nimekosea, shuka, twende mwezi wa sita." Nikaona haya. Nikamwambia Mzee Mabula, "Usimwambie. Tutaona wanyama wengine, atafurahi tu."

"Mimi ni dereva," akasema. "Kumwambia ni kazi yako wewe uliyempangia safari." Akapanda gari.

Sikusema. Tulipita Magu sikusema. Tulipita Lamadi sikusema, naye Mwalimu njia nzima ananisimulia wanafunzi wake, na jinsi walivyomcheka kwamba anafundisha vitu asivyoviona. Alikuwa na furaha kama bibi harusi.

Tukaingia langoni. Majani mabichi, marefu, yanapendeza kweli, na ndani yake huoni kitu. Tuliona twiga wawili, tukaona viboko. Mbali, ng'ambo ya maji, palikuwa na nyumbu watano sita hivi, wale wachache wa huku wasiohama. Mzee Mabula akasimamisha gari akamwonyesha kwa kidole. Mwalimu akaelekeza jicho lake. Akalisogeza kushoto, akalisogeza kulia, akarudia, akarudia tena. Hakuwapata. Ile nafasi ndogo iliyobaki kwenye jicho lake haikuwaangukia.

"Twendeni mbele," akasema. "Kule walikojaa."

Nami, kwa ukaidi wa mtu aliyekwishaanza uongo, nikasema, "Mzee, tusogee pale ng'ambo." Mzee Mabula akasema barabara ngumu imeishia hapa. Nikasema kidogo tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulivunjika springi. Hatukwenda hatua mia, gari likakaa kwa tumbo. Udongo ule, mwanangu, usiombe! Unanata kama ugali wa muhogo, ukichomoa mguu kiatu kinabaki. Nilishuka kusukuma, visigino vikazama, nikajikuta nasukuma hewa.

Tulikaa pale tangu saa sita mpaka saa kumi jioni, ndipo lori la askari wa wanyamapori lilipopita na kutuvuta. Katika saa hizo nne Mwalimu alituliza roho yake, akatugawia ndizi, akatoa kahawa ya kutafuna ya kwao akampa Mzee Mabula. Kisha akaniuliza, wala hakupandisha sauti, "Binti, nyumbu wako wapi?"

Nikalia. Nikamwambia yote: mlangoni nilivyouliza, neno nililolielewa nilivyotaka, na asubuhi ile uani nilivyonyamaza. Nilitegemea anitukane. Ningependa anitukane.

Akasema, "Mimi nilijua kwamba mwezi wa nne wako kusini. Nimefundisha hivyo miaka thelathini. Lakini wewe uliniambia imejaa, nikajisemea, kitabu ni kitabu, hawa ndio wanaofika huko. Nikaliacha la kwangu nikashika la kwako." Akanipa leso yake. "Neno lako lilikuwa kubwa kuliko unavyolijua, binti. Uwe unalipima kabla hujampa mtu."

Mzee Mabula naye, tukiwa tunakwangua tope kwenye magurudumu, alinipa langu: "Kunicheka nicheke, mimi siumii. Lakini uliza mara mbili. Swali la pili halijawahi kumuua mtu."

Basi, nifanye nini? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilirudi kwa bosi nikakiri, na nikamwomba. Akasema mwezi wa sita gari litaingia tupu kuwachukua wageni huko ndani, ukanda huu wa magharibi, viti vipo. Miezi miwili ile ilikuwa mirefu! Kila Jumapili nilikwenda Buswelu kumsalimia Mwalimu, na kila nikibisha hodi namsikiliza kwanza: bado ananiona mlangoni? Mara aniite kwa jina, mara aulize, "Nani mwenzangu?" Nilikuwa nimemlia nafasi yake, na siku zilikuwa zinahesabika.

Mwezi wa sita ulipoingia nilikuwa nakwenda kituo cha mafuta wanakopitia madereva wa safari. Namuuliza mmoja mmoja. "Umewaona?" Nimewaona. "Wapi?" Pale mtoni. "Lini, jana au juzi? Wengi kiasi gani? Wanaelekea wapi?" Mpaka wakaniita Hakimu. Na nilipokwenda kumwambia Mwalimu nikasema, "Wameingia, Mwalimu. Juzi walikuwepo. Kesho siwezi kukuahidi, maana ni miguu yao, lakini msimu wao ndio huu."

Akacheka. "Haya, sasa unaongea."

Tulikwenda. Udongo ulikuwa umekauka na kupasukapasuka, majani yamelala, ya rangi ya chai ya maziwa. Tulianza kuwasikia kabla hatujafika, ule mngurumo wao wa puani, ng'uu, ng'uu, kama soko zima linaguna. Tukapanda kilima kidogo, Mzee Mabula akazima gari. Lo! Mwanangu, nchi ilikuwa nyeusi. Mpaka kwenye miti, mpaka ng'ambo ya mto, mpaka macho yangu mazima yalipoishia.

Mwalimu alisimama, akashika ubavu wa gari. Jicho lilikuwa limebaki na nafasi ya tundu la ufunguo. Akalielekeza mbele. Akatulia. Akaligeuza kushoto polepole. Akatulia. Akaligeuza kulia, na nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani tumechelewa. Nikamshika mkono nikamuuliza, "Unawaona, Mwalimu?"

"Popote ninapoliweka," akasema. "Popote ninapoliweka, yupo!"

Sote watatu tulilia, hata Mzee Mabula, ambaye alisema ni vumbi. Jicho lilizima kabla ya mwisho wa mwaka ule. Hakulalamika hata siku moja mbele yangu. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, alikuwa akisema, na kila mgeni aliyeingia kwake alisimuliwa nyumbu mpaka akaomba ruhusa ya kuondoka.

Sasa sikiliza, mwanangu, na ulifute lile tangazo. Ukimpeleka mtu nje ya msimu, hata mwenye macho ya tai atarudi anasema hakuna kitu. Ukimpeleka kwa wakati wake, tundu la ufunguo linatosha. Mwezi wa kwanza na wa pili wako kusini, wanazaa. Waambie watu hivyo. Mwezi wa sita wanapita upande wetu huu, kisha wanapanda kaskazini kuvuka mito, na kiangazi chote mpaka mwezi wa kumi wanyama wanafuata maji, kuwapata ni rahisi. Masika nayo usiitukane. Nchi ni kijani, ndege wa kila rangi, wageni wachache. Anayependa hayo mpeleke, lakini mwambie na tope, usimfiche. Na mvua siku hizi zinahama tarehe, kwa hiyo kalenda isikutoshe: nenda kwa madereva, waulize, halafu waulize tena. Yule unayemwona hajui kusema vizuri, ndiye umsogelee karibu zaidi. Na ukishakosea, kiri mapema, gari likiwa bado uani.

Mteja wako wa mwezi wa nne, huyo niliyesikia anataka kumpeleka mama yake mzazi, mpigie simu leo. Atakasirika kidogo, halafu atakushukuru mpaka azeeke.

Mungu aikuze kazi ya mikono yako. Akupe magari yasiyokwama na wageni wanaorudi na ndugu zao. Akupe kifua cha kumwambia mtu "bado" anapotaka kusikia "ndiyo", na wazee wote utakaowapeleka, awafikishe wakiwa bado wanaona. Amina.