Salamu za Mama Mlimani

Mama alikuwa na saratani ya titi. Dripu zilipokwisha nywele zikaanza kuota tena, ikabaki sindano ya saratani ya kwenda kuchomwa mara kwa mara, na sisi wanawe tukajiona tumeshinda. Kwetu huku juu ya Lushoto, mgonjwa akishaweza kupanda mwenyewe kutoka sokoni mpaka nyumbani, huyo amepona. Hakuna anayeuliza zaidi.

Na Mama alipanda. Ila alisalimia mno! Kila nyumba alisimama: "Onga mshi," kisha habari za watoto, za ng'ombe, za maharage, za bibi aliyeteleza kisimani. Mimi nimebeba kapu la kabichi, shingo inaniuma. Nikamtania kwamba anagombea udiwani. Alicheka kidogo, mkono umeshika uzio.

Siku moja tulifika kwenye kona isiyo na nyumba, miti mitupu. Akasimama. Hapakuwa na mtu wa kumsalimia. Nikageuka: midomo imebadilika rangi, kifua kinapanda na kushuka, viatu vimebana miguu iliyovimba. Kapu lilinidondoka.

Hospitali walimpima moyo kwa altrasaundi. Daktari akatuambia moyo umedhoofika, hausukumi damu inavyotakiwa, na kilichoudhoofisha ni dawa ya saratani. Hutokea kwa baadhi ya wagonjwa, alisema.

"Daktari, dawa hiyo si ndiyo iliyomponya?"

"Ndiyo hiyohiyo, dada."

Miezi yote ile nilikuwa naishukuru ile dawa katika sala! Daktari akasema sindano hiyo isimame kwanza, Mama aanze vidonge vya moyo na vya kupunguza maji mwilini, kisha apimwe tena ndipo waamue.

Nikamgeukia Mama kwa hasira. "Mbona hukusema kama unaishiwa pumzi?"

"Mngesema ugonjwa umerudi," alijibu. "Nami niliwaona mmefurahi, mwanangu."

Vidonge vinamsaidia, miguu imenywea. Kuhusu sindano bado tunasubiri kipimo, na ninaogopa. Tukipanda sasa, mimi ndiye ninayetangulia kwenye nyumba za watu. Shikamoo, habari za ng'ombe, habari za maharage. Sigeuki nyuma. Nasikiliza pumzi yake, na siachi kuuliza mpaka itulie.