Kobe wa Chumba cha Kumbukumbu

Hospitalini wanamwita Kobe, kwa kuwa hutembea kana kwamba sakafu ni yake na hakuna wa kumfukuza. Mimi namwita shangazi. Kazi yake ni kutunza hifadhidata, lile ghala la kompyuta lenye kumbukumbu za wagonjwa wote.

Mwaka huu ghala lilielemewa. Ukimtafuta mgonjwa mmoja, kompyuta ilipekua mamilioni ya mistari, mmoja baada ya mwingine, na foleni ya mapokezi ikafika getini. Mkurugenzi akaamuru kumbukumbu zote za zamani zifutwe Ijumaa. Hadi leo hasira hunipanda nikikumbuka: historia ya mgonjwa si takataka ya kufagiliwa.

"Nipe hadi hiyo Ijumaa," shangazi akamwambia.

"Kobe kapewa mbio," karani wa mapokezi akacheka.

Shangazi akamfuata mapokezi. Alivuta kiti nyuma yake, akamtazama akifanya kazi. Jibu likichelewa, karani alibonyeza "Tafuta" tena na tena, kama mtu aliyebanwa anayegonga mlango wa choo. Kumbe kila alipobonyeza alianzisha upekuzi mpya juu ya ule wa kwanza. Tena kila upekuzi uliburuta hadi picha za eksrei, ambazo mapokezi hawana haja nazo.

"Mwanangu, unamtuma mtu sokoni, hajarudi unamtuma mwingine, kisha unalalamika njia imejaa."

Akarudi kwenye chumba chake cha kumbukumbu. Alitengeneza faharasa ya namba za kadi, kama ile ya nyuma ya kitabu, ili kompyuta iende moja kwa moja kwenye mstari unaotakiwa. Picha akazizuia mpaka daktari aziombe. Kitufe nacho akakifunga hadi jibu litoke.

Ijumaa nilikuwepo, nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Mkurugenzi alisimama kaunta. Akaja bibi mmoja aliyetibiwa hapo zamani, kadi yake imechakaa. Karani akaandika namba, akabonyeza, kidole kikapanda tena kwa mazoea.

"Mkono chini," shangazi akasema.

"Jibu limeshatoka, mama."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na onyo la miaka mingi iliyopita: sindano fulani nusura imuue bibi huyu, asipewe tena. Onyo hilo lingefutwa siku ile ile.

Mkurugenzi alisoma, akarudia kusoma. "Kama kuna la kufutwa leo," akasema, "futeni agizo langu."

Shangazi akavaa miwani, akaondoka kwa mwendo wake uleule. Karani akasimama kumpisha.

"Kobe," akasema, "leo nakuita kwa heshima."

"Hata ulipokuwa ukiniita kwa kunong'ona nilikuwa nasikia."

Nami nikamfuata nyuma, polepole, kifua mbele.