Mama Gia na Bomba Linalonguruma

Mama Gia haendeshi gari kwa macho. Macho yake ni ya kuangalia mashimo, mbuzi na watu wa baiskeli wasiojua upande wao. Gari lenyewe analiendesha kwa masikio. Injini ikivuma kwa sauti nene, anaiacha ifanye kazi. Sauti ikipanda, ikawa nyembamba kama ya mtu anayeanza kukasirika, hapo gari limeomba gia, naye anakanyaga klachi na kulipatia. Hakufundishwa na mtu. Mumewe ni seremala, na aliponunua ile pikapu ya kupelekea samani kwa wateja aliajiri dereva. Siku moja dereva akasusa, akaiacha mlangoni na vitanda vikiwa juu. Wateja wanangoja, seremala amejishika kichwa. Mama Gia, aliyekuwa akipaka vanishi, alifuta mikono kwenye suruali ya mumewe, akapanda, akaondoka.

"Umewahi kuendesha wewe?" mumewe alimkimbilia dirishani.

"Nimewahi kusikiliza," alijibu.

Vitanda vilifika vizima. Ni kweli nguzo moja ya lango la mteja ilianguka, lakini nguzo yenyewe ilikuwa mbovu siku nyingi, hata mteja alikubali. Tangu hapo mume anatengeneza, mke anapeleka. Milango, makabati, madawati ya shule, vyote vimepita mgongoni mwa pikapu ile, na mtaa mzima ukamwita Mama Gia. Hata watoto wake wakiitwa nyumbani ni watoto wa Mama Gia, na baba yao yupo palepale, ana jina lake zuri tu.

Sasa mwaka huu pikapu ikaanza kuchoka. Kwenye barabara tambarare ilijikongoja hivyo hivyo, lakini balaa lilikuwa mlima wa tangi la maji, na nusu ya wateja wanakaa huko juu. Zamani iliupanda kwa gia namba mbili, ikiimba. Siku hizi ikifika katikati inanuna, inakohoa, inamlazimisha arudi namba moja na kupanda kwa mwendo wa kinyonga. Waenda kwa miguu walimpita. Kumpita si neno, lakini walikuwa wanamsalimia na kumuuliza habari za nyumbani, na mazungumzo yanaisha gari bado liko palepale.

Seremala akaona yatosha. Jioni moja, wakila, akakohoa kidogo kama anavyokohoa akiwa na neno zito.

"Mama watoto, gari limezeeka. Mwenye duka la saruji analitaka hivyo hivyo lilivyo. Tuliuze, tuwe tunakodi."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika. Utarudi kunisaidia vanishi."

Mama Gia akaweka kijiko chini. Kupumzika gani huko, kuinama juu ya kabati kutwa nzima, harufu ya vanishi imekupanda kichwani, na dunia unaisikia ikipita nje ya dirisha! Kwenye usukani alikuwa mtu. Alijua nani amejenga, nani amehama, nani ameoa. Kumnyang'anya gari ni kumrudisha ndani na kufunga mlango.

"Haliuzwi," alisema.

"Likipanda ule mlima na mzigo kamili bila kurudi namba moja, haliuzwi," alisema mumewe. "Likishindwa, tusilaumiane."

"Hata mimi nimesikia," alidakia mama mkwe, mama yake seremala, ambaye huwa hasikii akiambiwa azime redio. Kwa hiyo mkataba ukawa na shahidi.

Kesho yake Mama Gia hakulala na shida yake. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mdogo wa seremala, anayeuza vipuri vya magari na kuitwa Spea. Spea ni mtu mzuri, ila kitu kikiwa kinang'aa yeye tayari ameshakiamini. Alisikiliza kidogo tu, akainuka na kushusha boksi kutoka rafu ya juu. Ndani mlikuwa na bomba nene la bati linalong'aa mpaka unajiona meno, na mwisho wake chujio jekundu lenye umbo la kofia.

"Shemeji, dawa yako hii hapa. Gari lako linapumulia puani. Hili litalipumulisha kwa mdomo mzima. Hewa nyingi, nguvu nyingi! Vijana wote wenye pikapu wananunua hili."

"Na zinapanda mlima?"

"Zinaruka, shemeji!"

Wakalifunga mchana uleule. Spea aling'oa boksi kuukuu jeusi la ea klina, lile linalochuja hewa ya injini, akalitupa pembeni bila hata kulifungua, akakaza bomba lake mahali pake. Mama Gia akawasha. Lo! Pikapu ikavuta pumzi kama mtu anayekunywa chai ya moto kwa pupa, na alipokanyaga mafuta ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukutani. Majirani wakatoka. Seremala akatoka na randa mkononi.

"Umesikia mwenyewe?" mkewe alimpigia kelele juu ya kelele.

"Nimesikia. Tutaona kama na mlima umesikia."

Siku ya mtihani walipakia vitanda vya bweni, mbao nzito, pikapu ikakaa chini kama kuku anayeatamia. Seremala akakaa mbele awe hakimu. Mama mkwe naye akajisukuma katikati, eti anakwenda kumwona dada yake karibu na tangi, lakini hakubeba hata mkoba.

Mama Gia aliingia mlimani kwa namba mbili, kifua mbele. Bomba likanguruma. Hajafika hata kwenye kona, sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa ile ya kukasirika. Mkono wake haukungoja ruhusa: klachi, gia namba tatu. Gari likashtuka, likainama. Akakanyaga mafuta, likatetemeka. Akarudisha namba mbili, mwendo umeshakwisha. Nyuma basi likapiga honi, na lile bomba lililonguruma likatoa mlio kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Mama Gia akauma meno, akarudi namba moja.

Kwenye tangi ndipo seremala aliposema taratibu, "Basi. Nitamwambia mtu wa saruji aje kesho mchana."

Alivyosema taratibu hivyo ndivyo alivyoumiza. Angefoka, wangefokeana, na Mama Gia hashindwi na mtu kwa kufoka.

Asubuhi mama mkwe alimkuta amekaa ndani ya gari lililozimwa, ameshika usukani.

"Mkwe wangu, jana ulimpa gia kabla hajaomba," alisema, akiegemea mlango.

"Aliomba, mama. Nilimsikia mwenyewe."

"Ulisikia bomba. Mimi nilikaa katikati yenu, kiti kilikuwa hakijatetemeka hata kidogo. Zamani ukibadilisha, kiti kinakuwa kimeshaanza kunitekenya."

Mama Gia akamtazama. Miaka yote aliyombeba mama huyu, kumbe naye alikuwa anaendesha, kwa makalio! Ikamwingia. Bomba halikumwambia injini inafanya nini, lilimpigia kelele tu, na yeye akaamini kelele. Mtu anayeendesha kwa masikio amefunga tarumbeta sikioni.

"Mama, una pamba?"

Mama mkwe alikuwa nayo. Mama Gia akaziba masikio yote mawili, akamwita mumewe, akaita na Spea, wakapakia makabati yaliyokuwa yakingoja. Safari hii aliendesha kwa miguu na mgongo. Mama mkwe akakaa katikati, na kila seremala alipofungua mdomo, alimpiga kofi la paja anyamaze. Namba mbili chini, namba mbili kwenye kona, namba mbili mpaka kwenye tangi. Haikurudi namba moja hata mara moja.

"Bomba hilo! Nilisema!" Spea alikuwa anacheza juu ya makabati. "Hewa nyingi, nguvu nyingi!"

"Haihesabiki," alisema seremala.

"Nini?" alisema Mama Gia, akitoa pamba.

"Haihesabiki, nimesema. Lori lilikupigia honi pale kwenye kona ukalikalia njiani kama umelinunua. Dereva kiziwi! Utaniulia mama."

"Mimi niache," alisema mama mkwe. Lakini safari hii Mama Gia mwenyewe alijua mumewe ana haki. Gari la kuendeshwa na pamba masikioni si gari, ni ugonjwa.

Wakateremka. Saa ya mtu wa saruji inakaribia. Uani, Mama Gia akasimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Shemeji, toa tarumbeta lako. Nirudishie boksi langu."

"Shemeji! Utarudi kulekule kwenye udhaifu!"

"Toa."

Spea akafungua bomba huku akinung'unika, akaliokota lile boksi jeusi alikolitupa. Lilikuwa zito. Akalitikisa, akashangaa, akafungua kifuniko. Chujio la ndani halikuonekana. Kilichoonekana ni unga laini wa mbao, umeshindiliwa kama keki kwenye bati lake. Spea akaugonga kwa kidole, haukuanguka.

Wote wakageuka polepole, wakatazama ukuta wa karakana. Tangu mwaka huu uanze seremala alikuwa na mashine mpya ya kukatia mbao, na alitoboa ukuta ili vumbi litoke nje lisimwingie puani. Tundu lilikuwa limeielekea pikapu kifuani, palepale inapolala kila siku. Ilikuwa inawashwa asubuhi katikati ya lile wingu.

"Fundi," alisema Mama Gia kwa upole sana. "Gari langu limezeeka, eh?"

Seremala akakuna shingo. Akatazama tundu, akatazama boksi, akatazama mama yake kama atapata msaada huko.

"Usinitazame mimi," alisema mama mkwe. "Mimi nilikulea vizuri."

"Sasa, shemeji," Mama Gia akamgeukia Spea, "lete chujio la kawaida. La karatasi, la bei ya chini kabisa, lisilong'aa."

Spea alikimbia dukani, akarudi nalo. Wakafuta boksi, wakafunga. Mama Gia akawasha. Injini ikavuma ile sauti yake nene ya zamani, naye akafumba macho kidogo, kama mtu aliyepigiwa simu na mtu wake.

Walikwenda na mzigo uleule wa makabati, maana kule juu walikuwa hawajaushusha kwa ajili ya ugomvi. Hakuna pamba. Namba mbili chini. Kwenye kona sauti ikabaki nene, mkono wake ukatulia juu ya gia bila kufanya kitu. Lori la kokoto likapiga honi, akalisikia, akalipisha kwa heshima zote. Walipofika kwenye tangi, Spea alikuwa anachungulia mshale wa mwendo kupitia kioo cha nyuma, juu ya bega lake.

"Sawasawa na ulivyopanda na bomba," alikiri. Halafu, kwa kuwa si mwongo, akaongeza, "Tena hapa ni bora kidogo. Lile langu linavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na mlimani gari likienda polepole hewa ndiyo inazidi kuchemka. Labda barabara kuu, mguu chini mpaka mwisho, utaona tofauti. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kubishania, shemeji. Si cha kubebea makabati."

"Kwa hiyo vijana wote wenye pikapu wamenunua nini?"

"Sauti," alisema Spea, na kwa mara ya kwanza alionekana kama ametoka kuliona bomba lake lilivyo.

Lakini msidhani Mama Gia alikubali amedanganyika. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia bomba lilifaa sana, kwa sababu bila bomba nani angeling'oa boksi? Alimrudishia Spea, na Spea alilipokea bila ubishi, akalipandisha rafu ya juu kabisa.

Waliposhusha makabati na kuteremka, mtu wa saruji alikuwa tayari uani na fundi makanika wake, na gari liliposimama tu akayapiga matairi teke, akapiga magoti kuchungulia chini, kama wanunuzi wanavyofanya. Mama Gia hakuzima injini. Alimshusha mama mkwe, akamshusha mume, akamwambia Spea na mwanafunzi wa karakana wapakie ile milango ya mteja wa ng'ambo ya mto, iliyokuwa imecheleweshwa.

"Na ule ukuta," alimwambia mumewe kupitia dirishani, "nikirudi tundu liwe upande mwingine."

"Upande mwingine ni chumba cha mama!"

"Basi fikiri. Wewe ndiye fundi."

Akaweka gia, akatoka getini. Mtu wa saruji akasimama wima, akijipangusa magoti.

"Mbona linaondoka? Si tulikubaliana nije kulitazama?"

Seremala alishusha pumzi. "Haliuzwi, ndugu yangu. Samahani kwa usumbufu."

"Haliuzwi kwa nini? Nani kasema?"

"Muulize dereva."

"Dereva yuko wapi?"

Seremala akanyoosha kidole barabarani. Pikapu ilikuwa imeshafika mwisho wa mtaa, na hata kutoka pale uani walimsikia akiingiza namba tatu, wakati wake hasa.