Kinyozi Aliyesahau Nusu ya Kichwa

Hivi wewe unayesoma, umeshawahi kumwona mtu mzima akitoka kwa kinyozi amenyolewa nusu ya kichwa, na kinyozi mwenyewe amesimama mlangoni anampungia mkono wa kwaheri?

Mimi nimeona. Kwa macho yangu haya, na miwani nilikuwa nimevaa.

Na kinyozi huyo ni mume wangu.

Subirini, msicheke kwanza. Nitaeleza polepole, maana mimi na haraka hatujuani. Mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu aliniambia, "Bibi, andika fupi fupi, watu wa mtandaoni hawana subira." Haya. Mistari nitaikata. Habari yenyewe siikati.

Chumba chetu cha mbele kinatazama barabara, na hicho ndicho kinyozi chetu, yaani duka la kunyolea. Kioo kikubwa ukutani, na kidogo cha kumwonyesha mteja kisogo chake. Kiti cha kuzunguka, ngozi yake ilipasuka nikaishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Mashine mbili, mkasi, wembe, chupa ya spiriti, kopo la poda. Taulo nafua mimi, naanika mimi, napiga pasi mimi.

Mzee wangu amenyoa mtaa mzima. Alinyoa watoto, wakawa baba za watu, akanyoa na watoto wao. Nami nilikuwa najitapa kwelikweli. Kila asubuhi ni mimi ninayefungua dirisha la mbele na kutoa kibao nje. Mtu akiuliza mzee atapumzika lini, najibu mimi: "Huyu? Mkasi utamtoka mkononi siku ya kuzikwa!"

Basi, jioni moja, jua bado liko juu ya mapaa, akaja Mwalimu. Ni jirani yetu, alishastaafu. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake, kwa hiyo alitaka kichwa cha heshima.

Mimi niko kibarazani nachambua maharage. Nikasikia mashine inanguruma, mara ikanyamaza. Kisha kicheko. Kicheko cha Mzee, kile cha kuvunja mbavu.

Mwalimu akatoka.

Upande wa kulia kipara kinang'aa. Upande wa kushoto nywele zote zipo, hata moja haijaguswa.

"Mama," akaniambia kwa adabu zake zote za darasani, "naomba uniulizie kwa mzee. Huu ni mtindo mpya, au bado hajamaliza?"

Nikaingia mbio, maharage yakamwagika. Nikamkuta Mzee amerudi kutoka mlangoni, amejitupa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kiooni, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Mzee! Mwalimu umemnyoa nusu!"

"Nusu ipi?"

"Hiyo uliyoiacha!"

"Basi mwambie hiyo nayo ije kesho."

Jamani.

Nikamrudisha Mwalimu kitini, nikasimama palepale kusimamia. Mzee akashika wembe. Ukamgusa Mwalimu sikio. Damu kidogo, tone moja tu. Nikauchukua ule wembe mkononi mwake.

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tangu anioe, hajawahi kumwachia mtu wembe wake.

Mjukuu wetu wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma anayekaa nasi, ndiye aliyemalizia kwa mashine. Sasa huyo amefuga rasta hadi mabegani. Mwalimu kuona anayekuja kumnyoa ni mtu ambaye mwenyewe hajanyoa tangu amalize shule, akafumba macho na kumwachia Mungu.

Nikadhani imepita. Haikupita.

Siku nyingine Mzee akaniuliza swali, nikamjibu, akaniuliza lilelile. Akatia chumvi kwenye chai akainywa yote, akasifu. Akamaliza mkate mzima peke yake. Akacheka redio ilipokuwa inatangaza vifo. Mara nyingine anashika mlango, anasema nyumba inazunguka. Nikimwekea mkono kifuani, moyo unadunda kama mtu anayekimbizwa.

Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mtu mzima na heshima zake anainama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakina kamba.

Binti yetu mkubwa akasikia. Huyu ni msimamizi wa ghala, na kwake kila kitu kina rafu yake. Akaja, akamtazama baba yake, akanivuta jikoni.

"Mama, Baba akili inazeeka."

"Usimzeeshe mume wangu."

"Leo sikio, Mama. Kesho shingo ya mtu. Jumamosi nakuja na gari. Kiti tunatoa, duka tunafunga, nyote wawili mnakuja kukaa kwangu."

Ningebisha nini? Alikuwa na haki yake. Lakini nililia kwenye sufuria. Sikulilia duka. Nilimlilia Mzee, kwamba anaondoka akiwa bado amekaa mbele yangu.

Ila mimi ni mtu wa kutazama. Nikatazama.

Asubuhi Mzee ni mzima. Anakumbuka nani anapenda ndevu za pembeni, nani ana kovu kisogoni. Anakumbuka hata uongo niliomwambia mwaka jana. Ikifika alasiri, baada ya chai, akili inafunga virago.

Nikajiuliza, uzee gani huu wenye zamu?

Nikampeleka kliniki. Daktari ni binti mdogo tu, mpole. Akapima presha, damu, mkojo. Majibu yalipotoka, Mzee alikuwa kwenye benchi nje, anamweleza mgonjwa mwenzake kwamba aliyemnyoa amemdhulumu. Daktari akasoma karatasi. Akanitazama. Akasoma tena.

"Bibi, naomba nikuulize bila kukuvunjia heshima. Mzee anavuta bangi?"

Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia.

"Mwanangu, huyo akiona sigara kwenye picha anakohoa!"

"Basi anaila. Kwa umri wake, na hizi dawa za presha anazokunywa, si mchezo. Inakimbiza moyo, inaleta kizunguzungu, inavuruga kumbukumbu. Wazee wanaanguka, nyonga inavunjika. Watu wanasema ni uzee."

"Akiacha, atarudi?"

"Aache kwanza. Naona kuna matumaini makubwa."

Nikatoka pale nimeshajua mhalifu. Nani mwenye rasta nyumbani?

Nikaingia chumbani kwa mjukuu kama askari. Nikapindua godoro. Nikatikisa viatu. Nikanusa soksi, na hapo ndipo nilipoadhibiwa kwa dhambi zangu zote.

Akanikuta nimeshika soksi puani.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Iko wapi bangi?"

"Bangi gani? Mimi nina rasta tu!"

"Rasta na bangi ni pua na kamasi!"

"Basi kila mwenye kipara ni hakimu? Na Mwalimu juzi alikuwa nani, hakimu nusu?"

Nikabana kicheko. Yeye hakucheka. Akakaa kitandani, akasema kwa upole, "Bibi, mimi moshi wa kazini unanitosha. Unapekua soksi zangu bure. Zile biskuti anazokula Babu alasiri, amewahi kukugawia?"

Nikaiweka soksi chini.

Mume wangu ni mtu wa kugawa. Akipata chungwa, anahesabu walio ndani kwanza ndipo amenye. Lakini zile biskuti, kweli, sikuwahi kuzionja. Nilidhani ni za wateja.

Tukaenda kwenye droo ya kinyozi. Nyuma ya vitana, ndani ya taulo niliyoipiga pasi mwenyewe, pakiti. Mbele wamechora jani lile lenye vidole vingi, linatabasamu.

Jani linatabasamu! Nani alishaona?

Mnajua tangu sheria ya bangi ilegezwe, mtaa wa pili limefunguliwa duka. Taa nyeupe, vioo, maua ya plastiki. Nikajifunga kitambaa changu, nikaenda.

Muuzaji kijana, amevaa koti jeupe.

"Karibu sana, Bibi! Tuna ya usingizi, ya maumivu, ya furaha."

"Ya akili mnayo?"

"Hiyo... bado."

Nikamwekea pakiti mezani. "Hii inaliwaje?"

"Kipande kidogo, Bibi, halafu unangoja. Shida wazee hawangoji. Anakula kipande, haoni kitu, anakula kingine, haoni kitu, anamaliza. Baadaye zinapanda zote kwa pamoja."

"Na mwenye presha?"

"Hapo amuulize daktari."

"Wewe si umevaa koti?"

"Hili ni la kazi tu, Bibi."

Basi niliporudi nilimwonyesha Mzee pakiti. Sikupiga kelele. Akaitazama, akanitazama, akakohoa kidogo.

"Ni halali," akasema. "Nina hata risiti."

"Hata ngazi ni halali, Mzee. Ukiikanyaga vibaya unavunjika kiuno. Umemkata Mwalimu sikio kihalali?"

Akainamisha kichwa.

Biskuti nikazitia chooni, yeye mwenyewe akamwaga maji. Na siku zilizofuata, alasiri zikawa alasiri tena. Chai kwa sukari. Swali mara moja. Mkate ukalala mpaka asubuhi. Akaenda kwa Mwalimu kuomba radhi, nasikia walicheka wote wawili, mmoja ameshika sikio.

Sasa nyie wajukuu zangu wa mtandaoni, nikisema nanyi mnasikia. Mimi sheria siijui, nimeishia shule ya msingi. Wanaobishana kama iruhusiwe au isiruhusiwe, waendelee, wana nafasi yao. Mimi nasema la nyumbani: kitu kuuzwa chini ya taa nyeupe hakukifanyi kiwe chakula. Sheria inakulinda na askari. Moyo wako haijaongea nao. Mzee wako akianza kupotea, msimzike mapema mkisema ni umri. Angalieni anachokula, na hasa anachokula bila kumgawia mtu. Na mwenye rasta msimnuse soksi kabla ya kumuuliza.

Nilidhani hapo nimemaliza. Kumbe bado kuna kilichobaki, sikukiona.

Jumamosi binti akaja na gari na vijana wawili wa kubeba. Nikamsimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Kiti hakitoki! Baba yako mzima! Ilikuwa biskuti!"

Nikamsimulia yote. Akakaa chini ghafla, kwenye kile kiti cha kuzunguka, akashika uso. Hajui alie au acheke. Wale vijana wa kubeba walishachagua kucheka.

"Kwa hiyo haumwi?"

"Haumwi! Jumatatu natoa kibao nje, tunaendelea kama kawaida. Si ndiyo, Mzee?"

Mzee alikuwa amesimama kwenye kona yake, kama anavyosimama siku zote, mkono mmoja umeegemea ukuta.

Binti akamgeukia. Akauliza swali ambalo mimi, pamoja na kutazama kwangu kote, sikuwa nimeliuliza.

"Lakini Baba, ulikuwa unazila za nini?"

"Miguu," akasema. "Jioni inawaka moto. Nikila, inasahau kwamba imesimama."

"Si ungesema tukupeleke hospitali?"

"Hospitali wangeniambia nipumzike."

"Sasa si ungepumzika?"

Hapo Mzee hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi, mimi mwenye kufungua dirisha kila asubuhi. Akavuta pumzi kama mtu anayetua mzigo.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Haya, leo naomba niseme mwenyewe. Nimechoka kusimama, mama watoto. Nataka kuacha kunyoa."